Anayeanza StarCraft Hushindwa na Nini? Umakini, Mazoea na Afya ya Mikono

Mchezo umeanza dakika nane zilizopita. Mchezaji mgeni amekwisha kujenga kambi tatu za askari na kutuma mpelelezi. Ghafla anasikia mlio wa vita upande wa kusini wa ramani, naye anakimbilia huko kwa macho na kwa kipanya. Kwa dakika moja na nusu anashughulika na askari wake kumi na wawili, akiwarudisha nyuma na kuwapeleka mbele, na hatimaye anashinda pambano hilo dogo. Anapogeuza macho nyumbani anakuta makao makuu yamekaa bure, kambi zote tatu hazijatoa askari hata mmoja, na madini 1,100 yamelala bila kazi. Dakika mbili baadaye jeshi la mpinzani, lenye ukubwa mara mbili ya lake, linaingia mlangoni. Akiulizwa sababu ya kushindwa, mchezaji huyo hujibu karibu kila mara kwamba mikono yake ni mizito.

Jibu hilo si sahihi, na kosa hilo lina gharama. Anayeamini kwamba tatizo ni mikono huanza kubonyeza vitufe kwa fujo ili aonekane mwepesi, hukesha akitafuta kasi, na baada ya majuma machache ama huacha mchezo kwa kukata tamaa ama huanza kulalamika maumivu ya kifundo cha mkono. Kinachomwangusha ni kitu kingine, ambacho elimu ya ubongo imekichunguza kwa miaka mingi: umakini wa binadamu ni mfuko mdogo sana, na yeye anajaribu kuutia vitu vingi kwa wakati mmoja.

StarCraft ilitolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment mwaka 1998, na toleo la pili, StarCraft II, likafuata mwaka 2010. Nchini Korea Kusini mchezo huu ulipata televisheni zake, timu zake na wachezaji wanaolipwa mishahara. Tangu Novemba 2017 sehemu kubwa ya toleo la pili hupatikana bila malipo, jambo lililoufungulia mlango kijana yeyote mwenye kompyuta ya wastani na intaneti isiyokatikakatika. Wachezaji wawili hukutana katika ramani moja. Kila mmoja huchagua kabila moja kati ya matatu, Terran, Zerg au Protoss, huanza na makao makuu na vibarua 12 wa kuchimba madini, kisha hujenga uchumi na jeshi hadi mmoja amshinde mwenzake.

Aliyezoea bao la Kiswahili ataelewa upesi mahali ugumu ulipo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, zote zinaonekana, na mpinzani hasogezi kete mpaka zamu yake ifike. Mchezaji wa bao anaweza kufikiri kwa kina, ingawa watazamaji watamzomea akichelewa. Katika StarCraft hakuna zamu. Sehemu kubwa ya ramani imefunikwa na giza, mpinzani anatenda wakati uleule, na kioo cha kompyuta huonyesha kipande kidogo tu cha eneo zima. Anayetazama vita hatazami nyumbani. Kwa sababu hiyo mchezo huu huitwa wa papo kwa papo, na kwa sababu hiyohiyo watafiti wa saikolojia wameupenda kama maabara ya kupimia jinsi binadamu anavyogawa umakini wake.

Kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshikilia mambo kwa sekunde chache wakati mtu anayafanyia kazi, hubeba takriban vitu vinne tu kwa mara moja. Mchezaji mgeni anatakiwa ashikilie idadi ya madini, muda wa kibarua anayefuata, nafasi iliyobaki ya kuongeza watu, mahali alipo mpelelezi, na askari walio vitani. Hivyo ni vitano, na bado hajafikiri mpinzani anapanga nini. Kitu cha tano kinapoingia, kimojawapo cha vile vya awali hutoka bila kuaga. Mchezaji haoni kwamba amesahau, kwa kuwa kusahau hakuna kengele.

Wapo wanaodhani kwamba vijana wa leo wanaweza kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kinachofanyika hasa ni kuhamahama: ubongo huliacha jambo moja, huliendea jingine, kisha hurudi, na kila safari ina nauli yake. Tofauti na hapo hutokea pale ambapo moja ya kazi hizo imekwisha kuwa mazoea. Mwanafunzi wa udaktari anayejifunza kufunga fundo la uzi wa upasuaji hawezi kujibu swali huku akifunga. Mikono husimama ajibu, kisha huendelea. Baada ya mafundo mamia kadhaa, daktari huyohuyo hufunga huku akimsikiliza mtaalamu wa usingizi akieleza hali ya mgonjwa. Utendaji wa fundo umehama kutoka sehemu za mbele za ubongo zinazofikiri na kuamua, ukaegemea zaidi mitandao ya ndani inayotunza mazoea pamoja na serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Mfuko wa umakini umebaki ukubwa uleule. Fundo tu ndilo lililotoka mfukoni.

Kwa mchezaji mgeni, basi, swali la kujiuliza ni kitu gani akitoe mfukoni kwanza.

Hesabu husaidia kujibu. Kibarua mmoja huzalishwa kwa sekunde 12 na hugharimu madini 50. Makao makuu yakikaa bure kwa dakika moja, vibarua watano hawakuzaliwa. Kila kibarua huingiza takriban madini 55 kwa dakika, kwa hiyo katika dakika tano zinazofuata, maadamu bado kuna mahali pa kuchimba, pengo hilo hufikia karibu madini 1,375. Ukitoa 250 ambazo zingetumika kuwazalisha, zinabaki 1,125, bei ya askari 22 wa kawaida. Jeshi lile lililoonekana mara mbili ya la mchezaji wetu huenda halikuongozwa na mtu mwepesi wa vidole. Huenda lilitokana na mtu ambaye hakuacha makao makuu yake yalale.

Nafasi ya watu nayo huhesabika. Anayeongoza Terran huanza na watu 12 kati ya nafasi 15, na kila ghala huongeza nafasi 8 kwa gharama ya madini 100. Nafasi zikijaa, uzalishaji wote husimama, na mgeni hugundua hivyo pale tu sauti ya mchezo inapomkaripia. Lakini makao makuu moja pamoja na kambi tatu hutoa vibarua 5 na askari 10 kwa dakika, jumla watu 15. Hayo ni maghala mawili kasoro kidogo kila dakika, au ghala moja kila nusu dakika. Jambo lililoonekana kuwa la kukumbuka limekuwa mdundo, na mdundo ni rahisi kwa mwili kuushika kuliko kumbukumbu ya kukurupuka.

Kutokana na hesabu hizi, ushauri unaopatikana kwa anayeanza ni mkavu kidogo, na huenda ukamkatisha hamu yule aliyevutiwa na vita vya kupendeza vya mabingwa. Achague kabila moja asilibadilishe kwa miezi kadhaa. Achague mpango mmoja wa ujenzi wa dakika tatu au nne za mwanzo aufuate katika kila mchezo, awe anakutana na nani. Kwa Terran upo mpango wa kawaida unaojulikana sana: ghala watu wanapofika 14, kambi ya askari wanapofika 16, mtambo wa gesi hapohapo, na makao makuu ya pili karibu na 20. Mpango huo una uzuri wake kimbinu, ila kwa mgeni thamani yake kubwa ni kwamba unamwondolea maamuzi. Maamuzi ni ghali. Kila moja hula sehemu ya mfuko.

Kisha ajifunze kuamuru bila kutazama. Mchezo huruhusu majengo na majeshi kupewa namba za kibodi. Makao makuu yakipewa namba 4, mchezaji hubonyeza 4 kisha S, kibarua huanza kuzalishwa hata kama macho yako vitani. Kambi zikiwa namba 5, ni 5 kisha A kwa askari. Mwanzoni vidole hupotea, na wengi hukata tamaa hapa wakarudi kubofya majengo kwa kipanya. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana kila kubofya jengo humlazimu kuhamisha macho, na macho yakihama umakini huhama nayo. Njia nyepesi ya kulizoesha jambo hili ni kucheza dhidi ya kompyuta katika kiwango cha chini, bila kujali ushindi, huku mchezaji akijipa kazi moja tu: makao makuu yasilale hata mara moja kwa dakika tano. Likishakuwa jepesi, anaongeza sharti la ghala. Likishakuwa jepesi hilo, anaongeza kambi. Jambo la pili lisiingizwe kabla la kwanza halijafika mahali pa kujiendesha lenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka.

Kuhusu kasi yenyewe, ni kweli kwamba wachezaji wa kulipwa hutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika. Nyingi kati ya hizo, hasa mwanzoni mwa mchezo, ni za kurudiarudia ili kupasha vidole moto, na mgeni anayeziiga anaiga jasho la mkimbiaji badala ya miguu yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada walichapisha uchambuzi wa rekodi za wachezaji 3,360 wa StarCraft II, kuanzia ngazi ya chini kabisa hadi wa kulipwa. Mojawapo ya matokeo yao ni kwamba umuhimu wa vipimo hubadilika kadiri ngazi inavyopanda: kinachomtenganisha mgeni na mchezaji wa kati si lazima kiwe kilekile kinachomtenganisha bingwa na anayemkaribia. Kumwiga bingwa, kwa hiyo, kunaweza kumfanya mgeni ashughulikie tatizo ambalo bado hana.

Watafiti wa kundi hilohilo walirudi mwaka 2014 na habari inayowagusa walioanza wakiwa watu wazima. Katika wachezaji 3,305 wenye umri wa miaka 16 hadi 44, muda kati ya kuona jambo na kulitendea ulianza kurefuka karibu na umri wa miaka 24. Magazeti yaliipokea habari hiyo kama hukumu ya uzee, jambo la kuchekesha kwa msomaji mwenye miaka 40. Yaliyopewa nafasi ndogo ni maelezo kwamba wachezaji wenye umri mkubwa walionekana kufidia upungufu huo, kwa mfano kwa kurahisisha namna ya kucheza na kuyatumia vizuri yale yanayopunguza mzigo wa akili. Mtu wa miaka 40 hatashindana na kijana wa miaka 19 kwa sehemu ya sekunde. Anaweza kushindana naye kwa kutokuacha makao makuu yalale. Tena mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, anayeunganishwa na seva zilizo mbali ng'ambo, hupoteza sehemu ya sekunde katika safari ya mawasiliano hata kabla umri haujahesabiwa.

Suala la muda wa mazoezi lina ushahidi wa kale na mzuri. Mwaka 1978 Alan Baddeley na Longman walichapisha matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta wa Uingereza kutumia kibodi. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kufikia kiwango kilichotakiwa kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. Cha ajabu, waliojifunza kidogokidogo ndio walioridhika kwa uchache na ratiba yao. Waliona hawaendi mbele. Mchezaji anayekesha Jumamosi kwa saa saba huhisi amefanya kazi kubwa, na hisia hiyo humdanganya. Saa moja kwa siku tano ingemfaa zaidi.

Usingizi nao una sehemu yake. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba watu waliojifunza kugonga vidole kwa mpangilio maalumu walifanya vizuri zaidi baada ya usiku wa kulala, bila mazoezi ya nyongeza. Wataalamu bado wanabishana iwapo usingizi huongeza ujuzi au huulinda tu usimomonyoke. Kwa mchezaji anayeamua kati ya mchezo mmoja zaidi saa nane za usiku na kitanda, ubishi huo haubadilishi jibu.

Lipo jambo moja ambalo anayeanza haelezwi, nalo huwaumiza wengi. Mfumo wa mashindano humtafutia kila mchezaji mpinzani wa uwezo wake. Akishinda, hupewa mgumu zaidi; akishindwa, hupewa mwepesi zaidi. Maana yake ni kwamba, akishafika mahali pake, atashindwa takriban nusu ya michezo yake yote, leo na baada ya miaka mitatu ya maendeleo. Anayejipima kwa ushindi na kushindwa ataona amesimama palepale hata anapopanda. Kipimo bora kipo katika rekodi ya mchezo, ambayo huhifadhiwa na inaweza kutazamwa upya. Humo aangalie mambo mawili au matatu: makao makuu yalilala dakika ngapi, nafasi ya watu ilijaa mara ngapi, na madini yasiyotumika yalifika wapi. Namba hizo hushuka kwa mwendo wa majuma, hata katika juma ambalo ameshindwa sana. Vita vyenyewe, vilivyomfurahisha au kumkera, avitazame mwisho.

Kushindwa mara mbili mfululizo kwa hasira ni dalili ya kusimama. Hasira huja na adrenalini, moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, na umakini hujikunja ukamng'ang'ania adui aliye mbele ya macho. Hali hiyo ilimfaa mwindaji aliyekutana na simba. Kwa mtu anayetakiwa akumbuke ghala kila nusu dakika, ni hali mbaya kupita zote. Wachache hufika mbali zaidi ya hasira. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Sifa zake ni mtu kushindwa kujizuia, mchezo kuyapita mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea kucheza ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Saa nyingi peke yake si ugonjwa. Kijana anayecheza sana wakati wa likizo lakini shule, chakula, usingizi na marafiki viko mahali pake hahitaji kupelekwa hospitali kwa sababu ya hofu ya wazazi.

Yabaki mikono. Mtaani kila ganzi ya mchezaji huitwa ugonjwa wa mshipa kubanwa kifundoni. Ugonjwa huo upo: katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono hupita kano tisa pamoja na mshipa wa fahamu wa kati, na njia ikibana, mshipa huumia. Hata hivyo ushahidi wa kuuhusisha na kibodi ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Uhusiano wake na kazi za nguvu nyingi au mitetemo una nguvu zaidi, na huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari na wenye upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Wachezaji wengi wenye maumivu wana tatizo la kano na misuli ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, lililotokana na kushika kipanya kwa nguvu na kukunja kifundo kwa muda mrefu. Hilo huitikia mambo mepesi: kiti kiinuliwe hadi kiwiko kiwe sawa na meza, kifundo kinyooke, mshiko ulegezwe, na baada ya kila mchezo mtu asimame, atembee, aangalie mbali na kupepesa macho, kwani mbele ya kioo cha kompyuta watu hupepesa kidogo kuliko kawaida. Maumivu yakianza, mazoezi yapunguzwe siku hiyohiyo, wala yasisubiri mpaka mashindano yaishe.

Ganzi inayomwamsha mtu usiku na kumfanya akung'ute mkono ni jambo jingine, hali kadhalika kuangusha vitu, au nyama ya chini ya kidole gumba kuanza kusinyaa. Hapo inafaa kwenda kituo cha afya bila kungoja. Daktari atataka kujua ganzi iko katika vidole gani hasa. Ikiwa ni kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata, mshipa wa kati ndio unaoshukiwa. Ikiwa ni kidole kidogo na nusu ya jirani yake, tatizo huwa kwenye mshipa mwingine, ambao mara nyingi hubanwa kiwikoni, na swali linalofuata litakuwa ukingo wa meza ambao mchezaji huegemeza mkono wake kwa saa hizo zote umetengenezwa kwa kitu gani.